Klorini huondoka na jua, stabilaiza hubaki

KWA watu wa Bwera na Mpondwe, klorini si kitu kigeni. Ebola ilipotangazwa ng'ambo ya mpaka katika Kivu Kaskazini, Agosti 1, 2018, matangi ya maji ya kunawa yaliwekwa kwenye kivuko. Kwa karibu miaka miwili, hadi mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Juni 25, 2020, watu walivuka kwenda Kasindi na kurudi mikono ikinuka dawa. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, foleni ilikuwa ndefu na wenye mizigo walinung'unika, lakini walinawa. Hapakuwa na mzaha. Juni 11, 2019 ugonjwa huo ulithibitishwa upande wetu kwa mtoto wa miaka mitano aliyekuwa amevuka na jamaa zake kutoka Congo, naye akafia Bwera.

Miaka ile ilituachia tabia njema ya kunawa mikono. Ilituachia pia imani moja isiyo ya kweli, kwamba maji yakinuka klorini ni salama, na yakizidi kunuka ndivyo usalama unavyozidi. Imani hiyo ndiyo ninayoikuta siku hizi kando ya mabwawa ya kuogelea.

Mabwawa yenyewe si mengi. Hata hivyo, kati ya Kasese mjini na Bwera wapo wenzetu waliorejea kutoka ng'ambo ambao, baada ya kumaliza nyumba, wamechimba bwawa uani. Wengine wamelichimba kwenye nyumba ya wageni ili kuvuta wateja, na kwa joto la Kasese wateja huja kweli. Anayejenga huonyeshwa na fundi namna ya kupiga plasta na kufunga pampu. Habari ya maji yenyewe huachiwa kijana wa kazi na ndoo ya dawa iliyonunuliwa Kampala au sokoni mpakani.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nilisoma uhamishoni, nchini Kenya, ambako baba yangu alitupeleka tukiwa wadogo, na Kiswahili ninachoandikia hapa nilikipata huko. Kwa kuwa nafundisha kemia, watu huniletea swali lile lile: "Mwalimu, kila siku natia dawa, mbona maji yanageuka kijani?" Jibu lake si gumu. Dawa nyingi zinazouzwa kwa jina la klorini zina vitu viwili ndani yake. Kimoja huondoka kila siku, kingine hubaki. Anayehesabu kile kinachoondoka tu atashangaa mwisho wa mwezi.

Jua la Ikweta

Tuanze na kinachoondoka. Mstari wa Ikweta unapita katika wilaya yetu, pale Kikorongo kwenye barabara ya kwenda Mbarara. Jua letu la mchana hupiga karibu wima mwaka mzima, na mionzi yake huivunja klorini iliyo katika maji. Katika bwawa lisilo na kivuli wala kinga yoyote, nusu ya klorini inaweza kupotea kwa saa moja hivi ya jua kali, au hata chini ya hapo. Mtu akitia dawa saa nne asubuhi, ifikapo saa nane mchana watoto wanaogelea katika maji matupu.

Ndiyo maana wataalamu wa mabwawa hutumia asidi ya sayanuriki, ambayo madukani huitwa stabilaiza. Kazi yake ni kama ya mwavuli. Huishika klorini, ikaikinga na jua, kisha ikaiachia kidogo kidogo kwa ajili ya kuua vijidudu. Kiasi kinachofaa katika bwawa la nje ni miligramu 30 hadi 50 katika kila lita ya maji. Kikiwa hivyo, klorini uliyotia asubuhi bado utaikuta jioni.

Mwavuli nao una kasoro yake. Ukiwa mkubwa kupita kiasi, klorini hubaki chini yake bila kutoka kufanya kazi. Kipimo kitaonyesha kwamba klorini ipo, lakini vijidudu na ukungu wa kijani vitaendelea kustawi. Kanuni wanayoifuata watunzaji wengi ni kwamba klorini huru iwe takriban asilimia 7.5 ya stabilaiza. Stabilaiza ikiwa miligramu 40 kwa lita, klorini huru ya miligramu 3 inatosha. Stabilaiza ikifika 120, itahitajika klorini ya miligramu 9, na hapo gharama inakuwa mzigo.

Dawa tatu, jina moja

Nenda Mpondwe siku ya soko ukaulizie klorini. Utaonyeshwa unga mweupe kwenye ndoo, chembechembe kwenye mfuko, na vidonge vikubwa kama sabuni ya duara. Vyote vitaitwa klorini. Muuzaji mmoja aliniambia, "Mwalimu, hii yote ni moja, tofauti ni bei." Nilimjibu, "Hapana, mama. Tofauti ni kile kinachobaki ndani ya maji."

Ya kwanza ni kalisi haipokloraiti. Huwa na klorini ya asilimia 65 hadi 70, na haina stabilaiza hata chembe. Ndiyo inayotumika sana katika hospitali na vituo vya kunawia mikono. Ya pili ni daikloro, chembechembe zinazoyeyuka upesi. Ya tatu ni traikloro, vile vidonge vikubwa vya gramu 200 vinavyoyeyuka polepole, vyenye klorini ya asilimia 90 hivi. Hizi mbili za mwisho klorini yake imefungwa pamoja na stabilaiza tangu kiwandani. Kila miligramu moja ya klorini inayotoka kwenye traikloro huacha stabilaiza ya miligramu 0.6, na inayotoka kwenye daikloro huacha miligramu 0.9.

Utazitambuaje? Kwenye mpaka wetu lebo moja huwa ya Kiingereza na nyingine ya Kifaransa. Usihangaike na lugha. Tafuta herufi hizi sita: c-y-a-n-u-r. Katika lugha zote mbili, jina la dawa likiwa na herufi hizo ndani yake, basi stabilaiza imo. Zisipokuwamo na ukaona neno "hypochlorite", basi haimo. Na kama ndoo haina lebo kabisa, usinunue hata kwa nusu bei. Dawa isiyo na jina haina kipimo.

Hesabu ya uani

Nina jamaa aliyerejea kutoka Uingereza, akajenga karibu na Bwera. Bwawa lake lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5. Zidisha, utapata mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Jumamosi huwafungulia watoto wa majirani, na kwa hilo anapendwa mtaani. Alikuwa akitumia vidonge vya traikloro, nusu kidonge kwa siku, kidonge kimoja siku ya watoto wengi. Mwezi wa kwanza maji yaling'aa. Mwezi wa nne yakawa na utelezi na rangi ya majani, macho ya watoto yakawa mekundu, na mama mmoja akaja kusema mwanawe anaharisha na Jumamosi iliyopita alikuwa bwawani.

Tulikaa na kalamu. Nusu kidonge kwa siku ni vidonge 15 kwa mwezi. Vidonge 15 vya gramu 200 huacha stabilaiza ya kilo 1.7 hivi, na ukiigawa katika lita 48,000 unapata miligramu 35 kwa lita. Hiyo ni kila mwezi. Mwisho wa mwezi wa kwanza alikuwa na 35, kiwango kizuri kabisa, na ndiyo sababu maji yaling'aa. Mwezi wa pili 70, wa tatu 105. Kufikia wa nne, hata baada ya mvua kumwaga kiasi fulani, kipimo kilisoma 120.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unachanganya maji ya bwawa na dawa ya kupimia, mchanganyiko unageuka kama maziwa, kisha unaumimina katika bomba lenye alama nyeusi chini yake. Pale alama inapopotea machoni ndipo unaposoma namba. Jamaa yangu alikuwa na vijiti vya kupimia klorini, lakini stabilaiza hakuna aliyemwambia aipime.

"Nitie dawa gani ya kuipunguza?" aliniuliza. Hakuna dawa ya kawaida ya dukani anayoweza kuitegemea. Jua haliiondoi, joto haliigusi, na maji yakikauka yenyewe hubaki. Njia ni moja tu, kumwaga maji na kuweka mapya. Kutoka 120 hadi 40 inabidi kubadilisha theluthi mbili, yaani lita 32,000. Kwa kipimo tunachokijua sote, hiyo ni mitungi 1,600 ya lita 20.

Hapo mazungumzo yalinyamaza kidogo. Ilikuwa kiangazi. Mtaa ule hupata maji ya bomba yanayoteremka kutoka milimani, na kiangazi foleni ya mitungi huanza kabla ya jogoo. Kufungua bomba usiku kucha kujaza bwawa huku majirani wakisubiri zamu ni jambo ambalo mtu akilifanya mara moja hukumbukwa nalo miaka kumi. Tuliamua bwawa lifungwe hadi mvua za Agosti, na mifereji ya paa ielekezwe humo. Paa lake ni la mita za mraba 200 hivi. Mvua ikinyesha milimita 50, paa hilo hutoa lita 10,000. Mvua nne nzuri zilitosha kufidia yaliyomwagwa na ziada ikabaki. Maji ya zamani yaliachwa juani, yakapimwa hadi klorini ikafika sifuri, kisha yakamwagwa kidogo kidogo kwenye uwanja wa changarawe, mbali na mto na mbali na shamba.

Kuhusu mtoto aliyeharisha, nilimweleza mama yake kwamba sikuwa na njia ya kujua kama ni bwawa au ni kitu kingine. Lakini nilimwambia mwenye bwawa jambo moja la hakika. Kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, kinachosababisha kuharisha, ambacho kinaweza kuishi zaidi ya siku saba katika maji yenye klorini ya kawaida. Ili kukiua inabidi kupandisha klorini sana kwa saa nyingi, na kazi hiyo haiwezekani stabilaiza ikiwa juu. Wataalamu wa afya wa Marekani hutaka iwe imeshuka hadi miligramu 15 au chini yake. Kwa hiyo anayeharisha asiingie bwawani, na aliyepona asubiri wiki mbili.

Harufu si ushahidi

Ile harufu kali inayochoma pua na macho si ya klorini iliyo tayari kufanya kazi. Hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo, ikachoka. Bwawa linalonuka sana mara nyingi ndilo lenye upungufu wa klorini huru. Bwawa zuri halinuki sana, na mtu anaona alama iliyo sakafuni kwenye kina kirefu.

Aidha, uchachu wa maji, yaani pH, una usemi wake. Ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini huru iko katika hali ya kuua vijidudu kwa nguvu. Ikipanda hadi 8.5, hubaki sehemu moja tu kati ya kumi. Kalisi haipokloraiti huipandisha pH, traikloro huishusha. Ibaki kati ya 7.2 na 7.8.

Hatari ya ghalani

Sasa nawageukia wafanyabiashara, kwa kuwa hili laweza kuchoma duka na mtu ndani yake. Kalisi haipokloraiti ikichanganyika na traikloro au daikloro, hasa pakiwa na unyevu, hupata moto na huweza kulipuka. Nimeona mtu akichota ndoo hii na ile kwa kopo moja. Nimeona mifuko ya aina mbili imefungwa pamoja juu ya pikipiki moja, mvua ikinyesha. Kila dawa iwe na kopo lake, rafu yake na safari yake. Isikae karibu na petroli, mafuta ya kula wala mbolea. Isikutane na asidi ya betri au ya kusafishia choo, kwani hapo hutoka gesi inayounguza mapafu. Na wakati wa kuyeyusha, dawa ndiyo inayotiwa ndani ya maji. Maji yasimiminwe juu ya dawa.

Mtungi wa kunywa

Wapo wanaochukua unga wa bwawa na kuutia kwenye mtungi wa kunywa, wakisema klorini ni klorini. Nawasihi waache. Kosa si la aina tu, ni la kipimo pia. Maji ya kunawa mikono wakati wa Ebola yalikuwa na klorini ya asilimia 0.05, yaani miligramu 500 kwa lita. Maji safi ya kunywa huhitaji kutiwa takriban miligramu 2, ili baada ya nusu saa ibaki 0.5 hivi. Ni tofauti ya mara 250, na kijiko cha jikoni hakiwezi kuipima.

Msomaji makini atauliza: je, vile vidonge vya maji tunavyogawiwa navyo si vina hizo herufi sita? Ndiyo, vingi ni daikloro. Lakini kidonge cha miligramu 67 katika mtungi wa lita 20 huacha asidi ya sayanuriki ya miligramu 2 hivi kwa lita, na Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi 40 katika maji ya kunywa. Tena vimetengenezwa kwa usafi wa kunyweka. Zaidi ya hayo, mtungi humwagwa kila siku na kuanza upya, wakati bwawa hukaa na maji yale yale miezi. Kitu kile kile kisicho na madhara mtungini hulundikana bwawani.

Haya ya kunywa si mambo ya kinadharia kwetu. Juni na Julai 2015 kipindupindu kilipoingia Katwe, uchunguzi ulielekeza kidole kwenye maji yaliyotekwa ukingoni mwa ziwa. Na Nyamwamba ilipofurika Mei 2013, kisha tena Mei 2020, maji yalikuwa ya tope. Klorini hutumika bure kwenye tope. Acha maji yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie kidonge, na usubiri dakika 30 mtungi ukiwa umefunikwa na uko kivulini.

Utaratibu wa wiki

Kwa mwenye bwawa, haya yanatosha. Pima klorini na pH kila siku ya kuogelea, asubuhi na alasiri. Kwa bwawa lenye stabilaiza, klorini huru isishuke chini ya miligramu 2. Kwa lisilo nayo, isishuke chini ya 1. Pima stabilaiza mara moja kwa mwezi na uandike namba kwenye daftari. Unaweza kuanza na traikloro hadi stabilaiza ifike 30 au 40, kisha uiache na uhamie kalisi haipokloraiti, ukiitia jioni jua likishatua. Usitie zote mbili kwenye chombo kimoja. Kijana wa kazi umfundishe kusoma lebo, umnunulie glavu na miwani, na umlipe kwa kazi anayoifanya, maana yeye ndiye anayewalinda watoto wako.

Sisi tuliorejea tulizoea kule tulikotoka kwamba maji hufunguliwa ukutani na kupotelea shimoni, bila mtu kuuliza. Hapa kila lita ina aliyeisubiri. Mwenye bwawa anayepima stabilaiza kwa dakika tano kila mwezi anaokoa mitungi 1,600, na foleni ya asubuhi inakuwa fupi kwa mtu mwingine.

Mwandishi ni mwalimu wa kemia wilayani Kasese.